Shule Ambayo Ngamia Hawezi Kuibeba

Mpendwa mdogo wangu Kaltuma,

Salaam aleikum. Shuleni tulifundishwa kwamba barua ya kindugu huanza kwa kusema mimi ni mzima, hofu ni kwako. Nimekuandikia hivyo mara nyingi bila hata kufikiri. Leo sitaki kudanganya. Mwili wangu ni mzima, ninakula na kulala, lakini ile hofu niliyokuwa nayo juu yako imegeuka kitu kingine, kitu kizito kisichonisukuma tena kufanya lolote. Nimekaa chumbani kwangu hapa Bulla Pesa, mjini Isiolo, upande wa pili wa ukuta jirani anagombana na mkewe juu ya maji, na mimi ninawaza darasa. Sio hili ninalofundisha. Ninawaza lile letu la mikeka.

Najua unalikumbuka. Wewe hukusahau kitu hata siku moja, na ndiyo maana kukaa na wewe kulikuwa taabu. Mtu akikuahidi kipande cha sukari Ijumaa, Ijumaa unamngoja mlangoni.

Tulikuwa tunakaa upande wa Kulamawe wakati ule, mwanzo wa miaka ya sabini umeshapita, na mifugo ya baba ilikuwa imekwisha tangu wakati wa vita vya mpakani vilivyofuata uhuru. Yeye alikuwa mbali akichunga ngamia wa watu. Nyumbani tulibaki na mama, mbuzi wachache na mdomo wako. Polio ilikuwa imekupata ukiwa bado unanyonya, miguu ikabaki myembamba isiyo na kazi, ukajifunza kutembea kwa mikono. Mama alikata ngozi ya ngamia akakufunga magotini ili mawe yasikuchune. Ulikuwa unakwenda mbio kwa namna hiyo kiasi kwamba mbuzi walikuwa wanakuogopa wewe kuliko mimi.

Mwalimu Musa alipoletwa kwetu, watoto walisomea chini ya mgunga. Alitoka Isiolo mjini, katika zile familia ambazo babu zao walikuwa askari wa Mzungu, na baba yake alikuwa na lori la kubeba mizigo. Alikuwa mrefu, mwembamba, na alivaa soksi kwenye vumbi lile, jambo ambalo mama zetu walilizungumzia kwa wiki nzima. Upepo ulikuwa unabeba karatasi zake na miiba ilikuwa inawachoma watoto. Siku moja akawakusanya wazee akawaomba wajenge darasa. Wazee wakamsikiliza kwa adabu, wakanywa chai yake, halafu wakamwambia nyumba ni kazi ya akina mama.

Maskini, alidhani ni uvivu. Hakujua kwamba kwetu mwanamume akionekana anajenga nyumba, watu watauliza mkewe ana kosa gani. Nyumba anaijenga mama, ni mali ya mama, na siku ya kuhama mama ndiye anayeivunja na kuipakia juu ya ngamia. Asubuhi iliyofuata akina mama wakaja na fito zao na mikeka yao, mama yetu yuko mbele, wewe uko mgongoni mwake, ingawa hakuna aliyekualika.

Hapo ndipo ninapotaka kusimama kidogo. Mwalimu hakuwa amekufikiria wewe. Kwenye hesabu yake ya watoto hukuwemo, wala si kwa ubaya. Kila mtu alijua mtoto asiyetembea anakaa na bibi yake nyumbani. Mama hakubishana naye. Alijenga tu. Fito zilipokwisha kusimama akakuketisha katikati ya sakafu, akasema inua mkono. Ukainua. Pale vidole vyako vilipofika, akaweka alama kwenye fito, akasema ubao unaanzia hapa.

Mama Boru, jirani yetu, alicheka mpaka akashika mbavu. "Ubao iko chini namna hii, mwalimu atapinda kama mzee."

"Mwalimu iko na mgongo," mama akamwambia. "Apinde."

Na alipinda, Kaltuma, alipinda mwaka mzima. Ubao wenyewe ulikuwa mbao za sanduku la majani ya chai, zimepakwa mkaa uliosagwa wa betri za redio zilizokufa. Sakafu ilisiriwa kwa samadi na majivu mpaka ikawa laini, mikono yako haikuchubuka tena. Mikeka ya ukutani ilikuwa inakunjwa juu upande wenye kivuli, asubuhi upande huu, jioni upande ule, upepo unapita chini chini palepale tulipokaa. Boru, mtoto wa yule jirani, alikuwa na trakoma na mwanga ulimchoma macho, kwa hiyo upande wake mikeka haikukunjwa kamwe, akakaa kwenye giza lake dogo akasoma vizuri. Vile vitanzi vya kutundikia vibuyu vya maziwa vikawa vya kutundikia mifuko yetu. Tulikaa chini wote, juu ya ngozi, mwalimu peke yake akiwa juu, na ukiangalia kutoka mlangoni usingeweza kujua ni nani kati yetu hawezi kutembea.

Sisemi ilikuwa pepo. Mvua ilivuja, viroboto walitula, na mwalimu alikuwa anajigonga kichwa kwenye fito kila siku mpaka akaacha hata kusema "aa". Wavulana wakubwa walilalamika kwamba miguu inakufa ganzi. Nayakumbuka hayo yote. Lakini nakumbuka pia siku ya kwanza, mwalimu ameandika irabu, amesimama mbele yake kwa fahari, na sauti yako ikatoka nyuma yangu.

"Mwalimu, sogea. Naziba a."

Darasa zima lilingoja fimbo. Mwalimu Musa alikutazama, akatazama ubao, akasogea.

Ulikuwa na miaka sita na ulikuwa unaelewa haraka kuliko sisi wote. Irabu uliziweza kwa siku chache, silabi ukazifuata, na jina lako ukaanza kuliandika, ukifika katikati unachoka kwa sababu ni refu, unamlaumu mama kwa kukupa jina refu. Usiku mama alikuwa anakuuliza umesoma nini, unamfundisha. Mimi nilikuwa ninajifanya nimelala. Nilikuwa na wivu, ndio, lakini ulikuwa wivu mtamu. Nilijua kwamba kati ya watoto wa mama kuna mmoja ambaye atakuwa mtu, na kwamba si mimi.

Kisha mvua ikanyesha mbali, upande wa Garba Tulla, na huku kwetu haikunyesha. Wazee wakaamua tuhame. Unakumbuka asubuhi ile? Akina mama waliamka, wakavunja nyumba zao, na walipomaliza nyumba zao wakalivunja darasa. Hakuna aliyeitisha baraza. Hakuna aliyeuliza. Kila mama alichukua mkeka wake na fito zake akapakia pamoja na sufuria zake, kwa sababu nyumba inakwenda na watu wake na hakuna aliyewahi kuona nyumba ikibaki porini peke yake.

Mwalimu Musa alitoka kwenye hema lake na mswaki mdomoni. "Mama Habiba! Mnafanya nini? Hii ni mali ya serikali!"

"Serikali gani alifuma?" mama akamjibu, wala hakuacha kufunga kamba. "Watoto nakwenda, shule nakwenda."

Alisimama hapo akijikuna. Baadaye akacheka, akaenda kukunja hema. Wewe ulisafiri juu ya ngamia mmoja na ubao, umeushikilia kwa mikono yote miwili, na kila tulipopita watu uliwapigia kelele kwamba hii ni shule, mpishe. Kesho yake alasiri darasa lilikuwa limesimama tena, ubao uko palepale kwenye kimo cha mkono wako, na tuliendelea na hesabu za kujumlisha. Mwalimu alisema atawajulisha watu wa ofisini mwezi ukiisha, akienda kuchukua mshahara. Hakuona haraka. Mimi mpaka leo najiuliza ingekuwaje kama angetuma neno siku ileile kwa lori lolote, na najua hakuna faida ya kuwaza hivyo.

Maana kabla ya mwezi kuisha afisa wa elimu alikuja kutukagua, kule tulikotoka. Alikuwa na mgeni ambaye alitaka kusaidia kujenga. Waliteremka kwenye Landrova wakakuta duara safi ardhini, mawe ya meko, na mzee mmoja aliyebaki kuangalia kisima. Afisa akamuuliza shule iko wapi. Mzee akamwambia imehama. Afisa akadhani anafanyiwa dharau mbele ya mgeni.

Walitufikia siku iliyofuata, nguo zao zimejaa vumbi na midomo imekauka. Mama alimpa afisa maziwa, akayanywa. Alisimama mlangoni pa darasa letu, akainama kuchungulia, hakuingia. Alikuona wewe kwenye sakafu na chaki mkononi. Nadhani alichokiona ni umaskini tu, mtoto kilema amekaa chini kwenye samadi. Hakuwa mtu mbaya, Kaltuma, na hilo ndilo linaloniuma. Angekuwa mbaya ningepata wa kumlaani. Aliwakusanya akina mama akawaambia kwa sauti ya mtu aliyeumia:

"Watoto wenu si mbuzi wa kukaa chini. Watoto wa Meru wanakaa kwenye madawati, watoto wa Nairobi wanakaa kwenye madawati. Nyinyi pia ni wananchi wa Kenya. Mimi nitawajengea shule ambayo ngamia hawezi kuibeba."

Akina mama wakapiga vigelegele. Mama yetu alipiga kuliko wote. Ni nani aliyewahi kutuambia sisi ni wananchi? Baada ya vita, baada ya kufungiwa kambini, baada ya mifugo kuisha, mtu wa serikali anakuja na uchungu juu ya watoto wetu. Jioni mama alirudia maneno yake yote akikamua mbuzi, na uso wake ulikuwa unang'aa.

Mwalimu Musa alihamishwa. Alikuaga wewe kwa mkono kama mtu mzima, akakuachia chaki zilizobaki.

Shule ya mawe ilijengwa karibu na barabara, na sisi tukahamia huko ili tuwe karibu nayo. Ilikuwa nzuri, lazima niseme. Mabati yalikuwa yanametameta mpaka unayaona kutoka mbali. Msingi waliuinua juu kwa sababu ya maji ya laga, ule mto wetu mkavu, wakati wa mafuriko, kwa hiyo mlangoni kulikuwa na ngazi. Madirisha waliyaweka juu ili watoto wasitazame mbuzi wa nje. Madawati yalikuwa ya mbao nene, kiti na meza kitu kimoja, na miguu yake ilizamishwa kwenye simenti yasiibwe. Ubao haukuwa wa kutundika tena, ulikuwa ukuta wenyewe umepakwa rangi nyeusi, unaanzia kifuani mwa mtu mzima aliyesimama. Kila kitu mle ndani kilipimwa vizuri sana. Kilipimwa kwa mtu mwenye miguu.

Siku ya kufungua mama alikupandisha ngazi mgongoni, akakuweka kwenye dawati karibu nami. Miguu yako haikuweza kujikaza, ukateleza ubavuni. Akakuweka tena. Ukashikilia meza kwa mikono miwili, na sasa ukawa huna mkono wa kuandikia. Mama akavua shuka akakufunga kwenye kiti. Ulikaa hivyo asubuhi nzima, huoni ubao kwa sababu ya vichwa vya wavulana, hujasema hata neno, wewe ambaye hukuwahi kunyamaza. Ulipofunguliwa ngozi ya kiuno ilikuwa imechubuka.

Mwalimu mkuu mpya alimwita mama. Alikuwa mtu wa kusema polepole.

"Mama, huyu hataweza. Ataumia halafu mimi nitaulizwa."

"Nitaleta mkeka," mama akasema. "Atakaa chini, hapo mbele. Haitasumbua mtu."

"Chini? Inspekta akija akute mtoto sakafuni, atasema nimerudisha yale mambo ya zamani. Hapana mama. Kila mtoto ana dawati lake."

Na ilikuwa kweli, ulikuwa na dawati lako. Lilikaa tupu mpaka nilipoiacha shule ile, kwa sababu hakuna aliyeruhusiwa kulikalia.

Unakumbuka ule mteremko? Mama na wenzake hawakukata tamaa upesi. Walibeba udongo wa laga kwenye ngozi, siku baada ya siku, wakaurundika kwenye ngazi, wakaumwagilia na kuushindilia kwa miguu yao huku wakiimba, mpaka ukapatikana mteremko ambao uliweza kuupanda mwenyewe kwa mikono. Uliupanda na kuuteremka mara nyingi kwa furaha tu, hujaingia hata ndani. Lakini karibu na ngazi kulikuwa na lile jiwe la maandishi ya rangi ya dhahabu, lenye jina la mgeni aliyekuja kufungua shule, na udongo ulikuwa umelifunika. Ilipotangazwa kwamba mgeni mwingine anakuja, mwalimu mkuu aliwatoa wavulana na majembe, mteremko ukafukuliwa kabla ya mapumziko ya saa nne.

Mama alikwenda kwake. "Toa hiyo mawe, weka juu kidogo. Halafu udongo nakaa chini yake."

"Jiwe la msingi halitolewi, mama."

"Kwa nini?"

"Ni la kudumu."

Alirudi nyumbani akakaa. Alikuwa amehamisha nyumba yake tangu alipoolewa, mlango ukipata upepo mbaya anaugeuza, na alijaribu kuelewa jiwe lisiloweza kusogea hatua moja kwa ajili ya mtoto. Hakuelewa. Nadhani siku ile ndipo alipoanza kuzeeka.

Basi ukahamia nje, chini ya dirisha. Hakuna aliyekufukuza hapo. Mwalimu akiuliza swali, sauti yako ilikuwa inaruka dirishani na jibu, na darasa linacheka, na mwanzoni yeye pia alicheka. Saa ya maziwa ya shule nilikuwa nikikuletea pakiti yangu, ile ya pembetatu, tunainyonya zamu kwa zamu. Ulikuwa unaniambia somo lote lilivyokwenda, neno kwa neno, mpaka kikohozi cha mwalimu. Nikaona mambo si mabaya sana. Nikapita mtihani, nikaletwa huku mjini shule ya bweni.

Likizo moja nilirudi na kitabu cha kusomea. Ulininyang'anya kabla sijaweka sanduku chini. "Kaa," ukasema, "nikusomee." Ukakifungua juu ya magoti yako, ukaweka kidole, ukasoma habari za kuku na vifaranga vyake bila kukwama popote, na sauti ya mwalimu mkuu kabisa, polepole, ukipumzika kwenye nukta. Mama alikuwa ameacha kupika anakusikiliza. Machozi yalinitoka kwa furaha. Kisha nikainama nione mahali ulipofika, nikaona picha ya garimoshi. Kuku alikuwa kurasa nyingi nyuma.

Wewe ulikuwa hodari wa kusoma nyuso, hilo hakuna ukuta uliokuzuia. Ukapapasa karatasi kwa kiganja.

"Kuku iko wapi?" ukaniuliza.

Nikakufungulia. Ukatazama ile picha, ukatazama maandishi chini yake, muda mrefu. Nikakuambia tutaanza upya, mimi na wewe, kesho asubuhi, kwamba irabu unazijua na kilichobaki si kikubwa. Ukakifunga kitabu ukanirudishia.

"Mimi nilikuwa najua kusoma," ukasema, "mpaka wewe ukuje."

Nilijaribu likizo ile na nyingine mbili. Nilichora herufi mchangani, nilikuletea chaki, niliweka ubao wa sanduku kwenye kimo chako. Ulikaa kwa heshima ukanitazama kama unavyomtazama mgeni anayeeleza habari za kwao. Hujawahi kugombana nami juu ya jambo hilo, na ningependa ungegombana. Mtu anaweza kufundisha asiyejua. Wewe ulikuwa umejua, ukavuliwa mbele ya mama yako, na sikupata njia ya kuzunguka hapo.

Baadaye ukaja ukame wa themanini na nne. Sina haja ya kukusimulia wewe habari za ukame ule. Wewe ndiye uliyekuwa unapiga makofi kufukuza ndege kwenye mizoga ya mbuzi. Mimi nilikuwa chuoni najifunza ualimu, nakula wali, nafundishwa jinsi ya kupanga madawati kwa mistari. Mama alipokufa nilifika siku ya tatu. Uliniambia walimfunika kaburini kwa mkeka wa mwisho uliobaki wa darasa, kwa sababu nyumbani hapakuwa na mwingine. Ulisema hivyo kwa sauti ya kawaida tu, ukinimiminia chai. Ndugu yake mama akakuchukua kwenda kwake, Merti, na mimi nikarudi chuoni.

Sasa mimi ni mwalimu wa watoto wadogo hapa mjini. Darasa langu lina ngazi. Kila mwaka naomba tuweke mteremko, na kila mwaka mkubwa wangu ananijibu vizuri kabisa kwamba tukimaliza ukuta wa nje tutafikiria. Ukuta wa nje haujaisha. Mwaka huu amekuja mama mmoja, Mturkana, na binti mgongoni, miguu kama yako. Nilitandika mkeka wa dukani mbele ya darasa nikamweka hapo. Juzi nikakuta umekunjwa umewekwa stoo. "Mwalimu Habiba," mkubwa wangu akaniambia, akicheka, "hapa si bomani." Yule mama amekuja mara nne. Wiki hii hajaja. Najua nyumbani kwao, ni hapa karibu tu, na sijaenda, kwa sababu sina jambo la kumwambia.

Niliwaza nijenge mwenyewe. Nikacheka. Mimi ni mtoto wa mama aliyejenga shule na siwezi kufuma hata kifuniko cha kibuyu. Wakati wenzangu wanafundishwa nyuzi mimi nilikuwa kwenye dawati. Niliwatafuta wale waliofuma pamoja naye. Mama Boru yuko hapa Bulla Pesa, anakaa kwenye chumba cha kupanga na macho yamekwisha. Nilimuuliza mizizi ile ya kutolea nyuzi za mikeka inachimbwa wapi. Akaniambia siku hizi watu wanafunika nyumba kwa magunia ya msaada, ni mepesi. Kisha akaniuliza, "Na ile mtoto ya mdomo, alisoma ikafika wapi?" Nikamwambia ulifika mbali. Alifurahi sana.

Kaltuma, nimekuwa nikikuandikia kwa miaka mitatu sasa, nikiziweka barua kwenye lori linalokwenda Merti, na mwenye duka anakusomea. Nilikuandikia nilipoachika. Nilikuandikia mimba ilipotoka. Nilikuwa najiambia ninaongea na wewe. Mwezi uliopita akaja mama mmoja anayeleta samli kutoka Merti, akakaa kitandani pangu, akanywa chai, akanipa neno lako. Alilisema kama ulivyolisema, maana alijifunza kwako namna ya kubeba maneno bila kuyamwaga:

"Mwambie Habiba asiandike tena. Barua yake nasomwa dukani, watu wamejaa. Machozi ya dada yangu watu wote nasikia, mimi nasikia mwisho."

Nimekutii. Sitakutumia barua nyingine, na hii sitaiweka kwenye lori. Nimeiandika kwa watu wote wanaojua kusoma: kwa maafisa, kwa mafundi wanaopima ngazi, kwa walimu wenzangu, kwa wageni wanaofungua shule. Wataisoma wamekaa vizuri kwenye viti vyao, watakujua mpaka jina lako, na wewe peke yako, mdogo wangu, ndiye hutaisoma.

Kwaheri, mtoto wa mama.

Mimi dada yako mkubwa,
Habiba